Sauti Niliyoikata kwa Mikono Yangu

Siku mlipokuja kunipa pole, mmoja wenu aliniuliza kwa nini bado naitunza ile kompyuta kubwa ya chuma iliyo chini ya meza yangu. Alisema mafundi wa masufuria wangeiyeyusha wapate sufuria mbili nzuri na mfuniko. Mlicheka, nami nilicheka, lakini sikumjibu. Nilikuwa bado katika eda na maneno yalikuwa hayatoki vizuri. Sasa eda imekwisha. Kaeni niwaambie.

Mimi Zaina sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Kazi ya montaje, yaani kukata na kuunga picha za video, niliifanya hapa Kasongo zaidi ya miaka ishirini, mpaka macho yakachoka nikawaachia ninyi wanafunzi wangu. Mume wangu, Ramazani, alishika kamera upande wa wanaume. Mimi nilishika kamera upande wa wanawake, maana mnajua desturi yetu: ngoma ya wanawake haipigwi picha na mwanaume, wala mwanaume haitazami. Tukirudi nyumbani mimi ndiye niliyekaa kwenye mashini nikakata pande zote mbili.

Ramazani alikuwa na mkono mtulivu sana, kamera haikutikisika. Mdomo wake ndio ulikuwa hautulii. Bwana harusi anaweka saini, yeye yuko nyuma ya kamera: “Eee, tazameni mukono unatetemeka, na bado hajamuona mama mukwe!” Shehe anasoma hotuba, yeye anaita: “Amuri! Leta taa huku, uso wa shehe iko giza!” Amuri ni mdogo wake, anayemwita yaya, yaani kaka mkubwa; ndiye aliyekuwa akishika taa na kuvuta waya. Sauti ya Ramazani ilikuwa nene, inayofika ng'ambo ya pili ya uwanja bila kuombwa. Wateja walikuja kwangu wakilalamika: “Mama Zaina, kazi yenu nzuri, lakini mututolee zile kelele za bwana yako.”

Basi nikazitoa. Harusi baada ya harusi, nilikata sauti ya mume wangu nikaweka kaswida au ngoma mahali pake. Nikawa hodari wa kazi hiyo. Niliweza kuitoa katikati ya vigelegele na hakuna aliyejua kwamba palikuwa na mtu anasema.

Kisha ugonjwa wa koo ukamwingia. Binti yetu Saada alikuwa na miaka mitatu. Ramazani aliishi, tunashukuru, alifanya kazi na kucheka na kulea mtoto, lakini toka siku hizo alinong'ona tu mpaka tulipomzika mwaka huu. Nikiwa ndani ya eda nilitafuta sauti yake ya zamani nyumba nzima. Nilitazama kaseti: zote tulikuwa tumezirekodia harusi nyingine juu yake. Nilitazama diski: nimezifuta mwenyewe kupata nafasi. Simu za kurekodi sauti tulizipata wakati yeye ameshaanza kunong'ona. Mtu aliyeshika kamera miaka yote ile hayumo katika picha hata moja, na sauti yake niliiondoa mimi. Saada hakuikumbuka kabisa. Hilo ndilo lililonikosesha raha, na ndilo lililonirudisha kwenye ile mashini ya chini ya meza.

Niwaambie kwanza ilivyofika, maana hamtaamini.

Ilitengenezwa na kampuni moja ya ng'ambo, siitaji jina, mnaijua. Ilitoka Kalemie kwa lori hadi Kabambare, na kutoka Kabambare ikaja kwa pikipiki, imefungwa ndani ya godoro na kulazwa nyuma ya dereva. Walipopita Wamaza watu walivua kofia. Mzee mmoja akasimamisha pikipiki, akauliza marehemu ni wa ukoo gani. Dereva alikuwa mkorofi, akasema, “Ni muzungu, baba. Ameniambia nimufikishe Kasongo.” Wakamwombea dua.

Aliyetufungulia mashini alikuwa Papa Faustin, fundi wa redio ya parokia, mtu mwenye subira kuliko watu wote niliowajua. Ndiye mwalimu wangu. Alitafuta bisibisi yake mfukoni, kisha akairudisha. Hapakuwa na skrubu. Kulikuwa na kitasa kidogo nyuma. Akakivuta kwa kidole kimoja, ubavu mzima ukafunguka kama mlango wa kabati.

Mpaka leo nikikumbuka nasisimka mwili. Ndani kulikuwa safi, kila waya umelala mahali pake, kama nyumba iliyofagiliwa kumngoja mgeni. Kulikuwa na droo nne za kuwekea diski. Unavuta droo, unaweka diski, unasukuma, basi. Papa Faustin alizivuta na kuzisukuma zote nne. Halafu akachukua kitabu kidogo kilichokuja nayo, cha Kifaransa, akatusomea.

“Wanasema hii mashini wameitengenezea watu wenye kubuni. Wapiga muziki, wapiga picha, wenye kukata filamu.”

“Wenye kukata filamu kama nani?” nikamuuliza.

“Kama wewe, mama.”

Niliona haya, nikafunika mdomo kwa kitenge. Nilikuwa mwanamke wa Kasongo ninayepika majani ya sombe kwa kuni. Mtu wa mbali namna hiyo alikaa akafikiri: yule mwenye kukata filamu atataka kufungua mlango kwa urahisi, atataka droo nne. Tena alifikiri sawasawa.

Papa Faustin alinifundisha kukata. Alisema: “Usikate pale umechoka wewe. Muangalie mutu. Akifumba jicho, kata pale.” Jaribuni, mtaona. Mtazamaji naye hufumba jicho pamoja na yule wa kwenye picha, na hajui kwamba umemvusha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Alinifundisha pia kuhifadhi kazi kila mara kabla mtu hajaongeza mafuta kwenye grupe, ile jenereta yetu, na kurekodi ukimya wa kila chumba, maana ukimya wa msikitini si sawa na ukimya wa nyumbani, na ukikosea sikio linajua.

Kosa langu kubwa halikuwa la ufundi. Kulikuwa na harusi ya familia kubwa ya wafanyabiashara hapa mjini, na siku ya tatu wakataka video ionyeshwe uani mbele ya wanaume wote, juu ya shuka jeupe. Mimi nilikuwa nimechanganya vipande. Katikati ya hotuba ya wazee, pakatokea mama wa bibi harusi, kichwa wazi, anacheza, kiunoni amefunga kitambaa, tena anacheza vizuri sana.

Ramazani aliruka kutoka kwenye mkeka akasimama mbele ya shuka, amekunjua mikono ya kanzu yake kuziba picha. Lakini kanzu ilikuwa nyeupe! Mama wa watu akawa anacheza juu ya kifua cha mume wangu, mkubwa zaidi, wazi zaidi. Wazee wameinamisha vichwa wanatazama viatu. Ramazani akapiga kelele: “Amuri, chomoa! Chomoa, ninachezewa mwilini!” Amuri akachomoa waya, na akachomoa na wa grupe kabisa, ili asikosee.

Tuliomba msamaha nyumba kwa nyumba. Yule mama mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Lakini toka siku ile niliweka sheria: droo ya juu ni ya wanaume, droo ya chini ni ya wanawake, na hazikutani. Mashini ilikuwa na droo za kutosha heshima yetu. Wale wa ng'ambo hawakuyajua mambo yetu ya harusi, lakini walikuwa wameacha nafasi nayo ikaingia. Nikilifikiria hilo nashangaa mpaka leo.

Kisha wakabadilika.

Mashini yetu iliungua siku grupe ilipopandisha umeme ghafla. Tuliyopata baadaye, ya kampuni ile ile, ilikuwa nyeusi, ya mviringo, mfano wa termosi ya chai. Ilikuwa nzuri mno. Papa Faustin aliizungusha mikononi akitafuta mlango. Aliupata, ukafunguka, lakini ndani hapakuwa na droo wala nafasi ya kuongeza kitu. Diski zangu zikaanza kuning'inia nje kwa nyaya, kama kuku wanaopelekwa sokoni kwa baiskeli. Na programu ya kukatia nayo walikuwa wameitupa, wameleta nyingine mpya. Niliingiza kazi yangu ya zamani, ikanijibu kwamba haiijui. Miaka ya kazi, na jibu ni haiijui.

Nilidhani ni mimi sikusoma. Papa Faustin akaenda kwenye nyumba ya intaneti, akarudi anatikisa kichwa. “Mama Zaina, hata wale wa filamu kubwa kubwa za Ulaya wanalia. Maneno yako yale yale.” Jambo hilo lilinishangaza kuliko mashini yenyewe. Mtu ameketi mbali huko, katika studio ya vioo, analia kilio changu mimi wa Kasongo, na hatujuani.

“Lakini wametukosea nini sisi?” nikauliza.

“Wameanza kutengeneza simu,” akasema. “Sasa dunia nzima wananunua kwao. Nyinyi Waislamu munaijua hii hali kuliko miye: tumekuwa bibi mukubwa. Heshima iko, salamu iko, lakini bwana iko kwa bibi mudogo.”

Ramazani, ambaye wakati huo ananong'ona, alicheka mpaka akashika koo.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani naisema vibaya kampuni ile. Miaka ikapita wakarudi. Walitengeneza tena mashini kubwa yenye kufunguka, ambayo mimi nimeiona kwenye picha tu. Na hii nyembamba niliyo nayo sasa, wameirudishia matundu ya nyaya waliyokuwa wameyaziba. Niliposikia nilimwambia Papa Faustin, naye akiwa mgonjwa kitandani, miezi michache kabla hajafariki: “Bwana amerudi kwa bibi mukubwa.” Akasema, “Amekuja na nini mukononi?”

Amekuja na maajabu, nasema kweli. Mashini hii ni nyembamba kama daftari, haina kelele, haipati joto, na pano moja ya umeme wa jua juu ya bati inaitosha kutwa nzima. Mimi niliyetembea na grupe nyuma ya pikipiki hadi Lusangi, mafuta yakimwagika mgongoni, nikiitazama inafanya kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikinichukua siku mbili, nabaki nimeshika shavu. Lakini mlango hakuna. Kila kitu kimeunganishwa na kufungwa humo ndani. Amuri ameigeuza mara nyingi, anasema, “Hii hata daktari wake hawezi kumupasua.” Itakapokufa, itakufa na yote iliyoyabeba. Kwa hiyo fanyeni hivi, na hili naliomba si kama mwalimu bali kama mtu aliyeumia: picha mbichi, zile ambazo hamjazikata, wekeni mahali pengine nje ya mashini. Msizifute kwa sababu mmemaliza kazi. Hamjui bado kazi ilikuwa ipi.

Sasa nirudi kwenye eda.

Nilikuwa nimekaa nikihesabu harusi, ipi tuliipiga wapi, ndipo nikaikumbuka ile ya Wamaza. Ilikuwa ya mwisho kabla ya mashini kubwa kuungua. Video niliikata, nikaitoa, tukawapa wenyewe. Lakini picha mbichi sikuzifuta, kwa kuwa mashini ilikufa kabla sijapata nafasi ya kuzifuta. Na Ramazani wakati ule alikuwa bado na koo lake. Zilikuwa bado ndani ya droo ya mashini ile, chini ya meza, miguu yangu inazigusa kila siku.

Nilingoja eda iishe, kisha nikamwita Amuri. Siku hizi anatengeneza simu sokoni.

“Shemeji,” akasema, “ile diski imelala miaka mingapi?”

“Usiniulize. Nitaogopa.”

“Basi sikuulizi.”

Ilikuwa asubuhi, mlango wa chumba uko wazi kama inavyopasa, Saada yuko uani anatwanga sombe. Amuri akapiga magoti mbele ya mashini. Akavuta kitasa kwa kidole kimoja. Baada ya miaka yote ile na vumbi lote lile, mlango ukafunguka bila kulia. Akavuta droo, ikaja. Tulitazamana. Akaiunganisha diski kwa waya na kijisanduku chake cha umeme, tukasikia inaanza kuzunguka, kwanza kwa kukwaruza, halafu sawasawa. Kwenye kioo cha ile mashini nyembamba likatokea jina nililoipa diski mwenyewe: Wamaza.

Nilifungua kazi yangu ya zamani. Programu ikakataa, haiijui, kama ilivyokataa siku ile. Lakini kando yake zilikuwepo picha mbichi, mistari na mistari, kila moja na namba yake. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo na nikaona aibu. Diski ya wanawake ilikuwa imekufa wiki ile, nami kwa haraka nikaweka pande zote mbili katika droo moja, namba tu, bila majina. Nilikuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe.

“Amuri,” nikasema, “humu iko na wanawake. Na sijui ni zipi.”

Akageuza kiti, akakaa uso wake ukielekea ukutani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kunyolewa. “Cheza, shemeji. Miye siko hapa.”

Nikafungua ya kwanza. Ngoma, vigelegele, wanawake wa Wamaza na mavumbi.

“Bado?” akauliza Amuri.

“Bado. Kaa hivyo hivyo.”

Nikafungua nyingine. Ngoma tena.

“Hizo ngoma zinanipigia miye mugongoni,” akasema. “Huyo anayepiga makofi si shangazi Mwamini?”

“Amuri!”

“Sitazami! Nasikia makofi tu. Yule shangazi makofi yake yanajulikana mupaka Kabambare.”

Nilifungua nyingi. Kuna zilizokataa, kuna zilizosimama katikati, picha ikavunjika vipande vya rangi. Kila iliyokataa nilihisi kama mtu ananifungia mlango usoni. Uani mchi ulikuwa unaendelea, du, du, du, nami naanza kujisemea moyoni kwamba basi, nimeshukuru, nimejaribu.

Nikafungua nyingine. Hapakuwa na ngoma. Kulikuwa na uwanja, viti, wazee wamevaa kofia, jua kali. Na kutoka nyuma ya ile picha, karibu sana, kama mtu aliyesimama begani pangu:

“Haya, haya, wazee wangu, musogee kidogo! Mugongo wa mutu moja hapa unafunika harusi nzima!”

Chumba kilijaa. Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ile ilikuwa kubwa namna hiyo. Nilikumbuka maneno yake, nilikumbuka utani wake, lakini ukubwa wenyewe nilikuwa nimeusahau.

Mchi ukanyamaza. Saada akaja dirishani, mikono ya kijani kwa majani ya muhogo.

“Mama, kuna mugeni?”

Nilisahau hata kumwambia Amuri ageuke, kwamba hizi ni za wanaume, anaweza kutazama. Alikuwa bado anatazama ukuta. Ndipo sauti ikaita tena, na hasira kidogo ya kazi ndani yake:

“Amuri! Vuta waya! Umelala?”

Amuri akainuka nusu kutoka kwenye kiti, uso uko ukutani, mkono umeshanyooka.

“Ndiyo, yaya, navuta!”

Halafu akabaki hivyo, mkono hewani.

Saada alimtazama baba yake mdogo. Akaitazama mashini. Katika maisha yake yote kuna mtu mmoja tu ambaye Amuri alimwita yaya. Akaingia ndani taratibu, akakaa chini karibu na miguu yangu, hakunawa mikono. Akasikiliza mpaka kipande kikaisha, na kingine, na kingine. Ramazani anaamrisha wazee, anamtania bwana harusi, anamgombeza Amuri juu ya taa, anacheka peke yake.

Mwisho Saada akainua uso.

“Mama, baba alikuwa anapiga kelele hivi?”

“Kila siku, mwanangu,” nikamwambia. “Na mimi ndiye niliyekuwa nazikata.”